Mahusiano ya kimataifa: soma, ila shika fani moja

Mdogo wangu, umeuliza kama shahada ya mahusiano ya kimataifa, inayochanganya historia, uchumi, sheria na siasa, itakuacha unajua kila kitu nusunusu. Inaweza, ukisoma bila mpango. Lakini matatizo ya dunia hayaji yamegawanywa kwa idara. Chukua vita vya mashariki mwa Kongo: humo kuna athari za mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, kuna dhahabu na koltani (madini yanayotumika kwenye simu na kompyuta), kuna ugomvi wa ardhi na uraia, tena kuna Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo 2022. Mchumi peke yake hawezi kukueleza yote hayo.

Kwa hiyo soma, ila kuanzia mwaka wa pili shika fani moja kwa kina. Mimi ningechagua uchumi na takwimu. Jifunze na Kifaransa, nakusihi sana: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, inakitumia. Na kabla hujajaza fomu, omba chuo orodha ya kozi zote. Usipoona hata moja ya takwimu, tafuta chuo kingine.