Wanangu hawataki filamu isiyo na DJ

SWALI: Kaka, habari za Arusha? Wanangu wamezoea sinema zilizotafsiriwa na DJ, yule anayesimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu. Nikiwawekea nyingine, muda si mrefu wote wako nje wanacheza mpira. Wewe umeangalia zipi karibuni, na niwawekee ipi Jumamosi? Halafu baba mkwe anasema ile sinema ya zamani ya John Wayne, Hatari!, ilipigwa huku kwetu. Ni kweli? Mama wa Watatu, Majengo, Moshi.

JIBU: Dada yangu, huku ni salama. Watoto usiwagombeze. Kizazi changu kilijifunza kupenda sinema kwenye mabanda ya video, kwa sauti ya Lufufu, DJ wa zamani wa kutafsiri sinema, na namheshimu mpaka leo.

Waanzishie Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina wa Kenya. Jo ana miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona, na mapenzi yake yote yako kwa mashujaa wa filamu. Kijiji kizima kinakula njama ili aamini kwamba naye ana nguvu za ajabu, na mmoja wa wala njama ni huyo huyo DJ wa banda la video. Wanao watamtambua papo hapo! Kilichonishika mimi ni mvutano wa mama na dada mtu. Mama anataka Jo atulie kitandani awe salama. Dada anataka siku zilizobaki azicheze. Wote wana haki, na mwongozaji hakumgeuza yeyote kuwa mtu mbaya. Nililia waziwazi mbele ya wapwa zangu hapa Kijenge, nao wakaomba irudiwe. Ila kaa nao, maana maswali kuhusu kifo yatakuja.

Wakishalala, jiwekee Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021). Ina mambo ya wakubwa. Kama ulisoma riwaya ya Shafi Adam Shafi kidato cha tano na sita, usikae ukihesabu sura zilizoachwa. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950: Yasmin anamkimbia mume mzee aliyeozwa, anakutana na Denge anayepigania uhuru. Filamu zetu nyingi zinaniumiza kwa kusema mno. Mtu analia, halafu anatueleza kwa nini analia. Hapa Shivji anaacha uso, kivuli na vichochoro vya Mji Mkongwe vifanye kazi. Nikaona jinsi Yasmin anavyobadilika kabla hajatamka lolote. Na Siti Amina, mwimbaji wa kweli, ndiye Mwajuma, rafiki wa Yasmin. Kila anapoingia naona chumba kimepata joto. Wapo wanaosema inakwenda polepole. Kwangu huo upole ndio utamu wenyewe, kwa sababu watu wanaojificha hawana haraka ya kusema.

Binti ya Seko Shamte (2021) ina hadithi nne za wanawake wa Dar es Salaam. Nimeipenda, lakini ningempa Tumaini, yule mwenye duka, filamu nzima peke yake.

Sasa Hatari! Mfikishie mzee shikamoo yangu, kasema kweli. Howard Hawks aliipiga huku Tanganyika, ikatoka mwaka 1962, na Hardy Krüger, mmoja wa waigizaji, akaja kununua shamba Momella, chini ya Meru. Inazidi saa mbili na nusu. Zile mbio za kukamata faru ni za kweli: John Wayne amekaa ubavuni mwa gari, kashika mti mrefu wenye kitanzi, vumbi limejaa kila mahali. Sijaona mbio za wanyama zinazoifikia. Lakini inanichoma kwamba wenyeji wanamwimbia mgeni na kumpa jina la Mama Tembo, na hakuna hata mmoja wao aliyepewa hadithi yake. Ndiyo maana namtaka mzee aniandikie: mwaka ule alikuwa wapi, na wale watu wa sinema aliwaona kwa macho yake? Barua yake tutaichapa.