Gari Likichemsha, Usikimbilie Kutoa Themostati

Hapa Tabora ukipeleka gari linalochemsha, mara nyingi utaambiwa, "Kaka, tutoe hiyo themostati, huku kwetu ni joto tu." Mimi huwa nakataa. Nina Hiace ya dizeli ya zamani, nyuma nimeweka kitanda na jiko la gesi, na hedi (kifuniko kizito cha juu ya injini) ikipinda njiani kati ya Kaliua na Uvinza ujue nyumba nayo imekwama.

Themostati haileti joto. Kazi yake ni kufunguka maji yakifikia nyuzi 80 na kidogo, yapite kwenye rejeta, ile ya mbele inayopoza maji ya injini. Ukiitoa, injini inakaa baridi asubuhi, inakula mafuta na kuchakaa. Tena kuna injini ambazo themostati ikifunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Isipokuwepo, sehemu ya maji huzunguka humo humo bila kufika kwenye rejeta, na mlimani gari linachemsha zaidi. Kama unaishuku, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni uchemshe. Isipofunguka, nunua nyingine.

Mimi naanza na mfuniko wa rejeta, kwa sababu ni rahisi kubadilisha na watu wanaudharau. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayasubiri 100. Mfuniko mzima wenye alama ya 0.9 (kipimo cha presha) hubana presha, maji yakavuka nyuzi 110 bila kuchemka. Mpira wake ukikauka na kupasuka, kinga hiyo huna.

Sehemu iliyonisumbua kuliko zote ni hita ya nyuma. Hiace nyingi zilizotoka Japani zinayo, na mabomba yake ya chuma hupita chini ya sakafu mpaka nyuma. Yangu ilikuwa inapunguza maji na chini ya injini hapaonekani hata tone. Nikatandika mkeka, nikaingia uvunguni na tochi. Karibu na tairi la nyuma, bomba lilikuwa na ukoko mweupe uliochanganyika na kutu. Nilipoligusa kwa bisibisi, ncha ikazama. Maji yalikuwa yakitoka gari likiwa na moto tu, yanakaukia hapo hapo kwenye bomba. Huku kwetu hita ya nyuma ni ya nini? Tulikata mabomba yote mawili kule mbele, tukaunganisha mpira mmoja wa kurudisha maji, tukafunga klipu.

Baada ya kazi ya namna hiyo lazima utoe hewa. Paki pua ikiwa juu kwenye mwinuko, fungua hita ya mbele hadi mwisho, jaza maji injini ikiwa baridi, kisha washa huku mfuniko uko wazi mpaka mapovu yaishe. Yasipoisha kabisa, na kila ukikanyaga mafuta yanazidi, basi tafuta fundi wa kupima gasketi ya hedi, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya hedi na injini.

Maji ya kisima yenye chumvi usiweke, wala ya ziwa ukifika Kigoma. Madini yake hugandia ndani ya mirija. Changanya kulanti (dawa ya maji ya rejeta) na maji ya mvua yaliyochujwa, au yale maji safi ya betri (sio asidi, tafadhali sana). Kwa nje, baada ya vumbi la kiangazi, pulizia rejeta maji kutoka upande wa injini, mbegu za nyasi zitoke.

Mshale wa joto ukipanda ukiwa safarini, zima kiyoyozi, washa hita mpaka mwisho, na punguza mwendo. Ukiendelea kupanda, egesha uzime. Mfuniko usiuguse mpaka mpira wa juu wa rejeta ubonyee kwa vidole bila kukuunguza, hata kama abiria wana haraka. Ndipo uongeze maji, kidogo kidogo, injini ikiwa inanguruma.