Usimpe mhusika jeraha, mpe utetezi

Hizo kurasa 12 za utoto wa mhusika wako usiziweke popote. Umesema riwaya yako inamhusu Mwanaidi, mweka hazina wa kikoba anayewaibia wenzake, ukauliza uchomeke wapi utoto wake (baba aliwatelekeza, wakalala njaa). Ukiuchomeka tu, umeua riwaya. Msomaji akishaambiwa anaiba kwa sababu alilala njaa, hana tena la kumwazia. Na wapo wengi waliolala njaa ambao hawajagusa shilingi ya mtu. Msomaji anawajua, pengine ni mmoja wao, hatakuamini tena.

Najua ulikotoa hayo. Ni ile fomu ya semina za uandishi: rangi aipendayo, chakula, jeraha la utotoni. Aliyenipa mimi alichukua ada, na miswada miwili ikaozea humo. Bado ninakasirika nikiiona inasambazwa.

Andika anavyojitetea. Mwaka 1959 Leon Festinger na James Carlsmith waliwapa wanafunzi wa Stanford kazi ya kuchosha, kisha wakawalipa wamdanganye mwenzao kwamba inafurahisha. Wengine walipata dola 1, wengine 20. Walioishia kusema kazi ile kweli ilipendeza ni wa dola 1. Dola 20 zinatosha kuwa sababu ya kudanganya. Dola 1 haitoshi, kwa hiyo mtu hubadili anachoamini.

Basi Mwanaidi asianze na laki tano. Wala asivunje sanduku: lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu, wanakikoba watakucheka. Aanze na rejesho la 5,000 alilopewa njiani, "sitafika kikaoni, niwekee." Utetezi wa kwanza: nitaliweka Jumamosi. Kwenye 20,000: mimi ndiye ninayekesha na madaftari, nani amewahi kunipa hata nauli? Kwenye 80,000 aanze kumwona mwanachama aliyeibiwa kuwa ndiye mwenye makosa, mbona yeye huchelewa kila mwezi. Kufikia hapo awe mkali wa faini kuliko mwenyekiti, na ukali huo umtoke kwa dhati. Ukiruka hatua ya katikati, anageuka jambazi ghafla na hakuna atakayemwamini.

Kosa litakalokurudia ni msimulizi kuungama kwa niaba yake. "Moyoni alijua anakosea" ifute kila uionapo, pamoja na "alijawa na hatia". Halafu funika majina, usome tetezi zake peke yake. Kama mwenyekiti naye angeweza kuzisema, hazijawa za Mwanaidi, rudia.

Leo andika onyesho moja: yule mwanachama wa 5,000 anakuja nyumbani kumshukuru kwa kumfikishia hela, amebeba ndizi, na watoto wa Mwanaidi wapo wanasikiliza.