Tende moja, dakika tano

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kisukari hapa Tanga. Nimepangiwa semina ya siku mbili ya kula kwa uzingativu, yaani kula polepole akili yote ikiwa kwenye chakula, nikirudi niwafundishe wenzangu na wagonjwa. Nasikia huko mtu hupewa zabibu kavu moja akae nayo dakika tano. Nina mgonjwa anayemaliza mkate mzima usiku, jikoni, taa imezimwa, kisha analia. Zabibu itamsaidia nini?
Muuguzi, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hata mimi niliicheka ile zabibu. Ilivuma kutokana na mafunzo ya uzingativu ya wiki 8 ya Jon Kabat-Zinn, aliyeyaanzisha mwaka 1979 katika chuo cha udaktari huko Massachusetts, Marekani, kwa watu wa maumivu sugu na msongo. Mwanasaikolojia Jean Kristeller ndiye aliyetunga mafunzo ya namna hiyo kwa ajili ya ulaji. Mwaka 1999 yeye na mwenzake walichapisha habari za wanawake 18 wenye tatizo linalofanana na la mgonjwa wako: vipindi vya kula bila kujizuia vilishuka kutoka kama 4 kwa wiki hadi chini ya 2. Wanawake 18 ni wachache, na hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo usiende kuwatangazia watu kwamba ni dawa.

Mimi nilitoka semina nikiwa na cheti na kiherehere. Wiki iliyofuata nikawakalisha akina mama tisa kwenye benchi, nikagawa tende, maana zabibu kavu kwetu ni za pilau. Ishikeni, itazameni, inuseni. Dakika ya tatu mmoja akaanza kulia. Tende ilimkumbusha marehemu mumewe, waliyekuwa wakifuturu pamoja. Nikamwambia, "Pole mama. Haya, tuendelee." Tuendelee! Siku ya kundi iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo.

Sikujua la kufanya kwa sababu mwenyewe sikuwahi kukaa na chakula hata siku moja. Zamu za usiku nilikuwa nakula vitumbua nimesimama, simu mkononi. Basi nikaanza, wiki 8, kila siku mlo mmoja. Kitumbua cha kwanza kitamu, cha pili kitamu, cha nne ni mafuta tu. Ulimi huchoka kabla ya tumbo kujaa, na Kristeller huwafundisha watu wausikilize. Huwafundisha pia kuipima njaa yao kwa namba, 1 hadi 10, 10 ikiwa njaa kali kabisa. Yangu ya saa saba usiku ilikuwa 3. Kilichobaki kilikuwa uchovu, na hasira kwa mtu aliyechelewa kunipokea zamu.

Kuhusu mgonjwa wako, usimuulize kwa nini anakula sana. Muulize kabla ya huo mkate alikula saa ngapi. Wengi wameshinda njaa kutwa kwa kuogopa sukari. Neno "ulafi" lisikutoke. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unautambua ulaji huu wa bila kujizuia kama ugonjwa unaojitegemea, vipindi vikitokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 3, kwa hiyo aonwe na daktari. Akiwa anajitapisha au anajinyima chakula hadi kukonda, mpe rufaa kwanza, tende isubiri.

Na hili lishike sana: aliyechoma insulini ya mlo asikawizwe kula kwa mazoezi haya ya uzingativu. Akitoka jasho na kutetemeka, hapo hakuna kutafakari. Pima haraka, na akiwa anaweza kumeza, mpe sukari.

Utaulizwa pia habari ya sinia. Mtu anayekula na watoto sita akitafuna polepole atabaki na ukoko. Mwambie azingatie tonge tatu za kwanza tu, basi.

Siku mbili hazitoshi. Mwombe mkuu wako wiki 8 za kujaribu mwenyewe kabla hajakupanga kufundisha. Akikataa, anza na wauguzi wenzako saa ya chai: andazi moja kila mtu, simu mfukoni. Mimi nilipofanya hivyo wote walicheka isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyenifuata jioni chumba cha kubadilishia nguo, akafunga mlango.