Jirani hakusalimii? Kwangu ilianza na tokeni za stima

Dada uliyeuliza utafuteje amani na jirani asiyekuitikia salamu, ukaambiwa uombe tu: omba, lakini ukimaliza vaa viatu.

Naishi ploti Kaptembwa, hapa Nakuru. Milango minane, mita moja ya stima, tunachanga pesa za tokeni. Mwaka juzi zikawa haziishi wiki, nami nikamwambia mama wa mlango wa tatu, pale bombani watu wakisikia, kwamba anapikia jiko la koili la stima usiku. Hakunijibu. Alijitwika mtungi wake akaingia ndani. Tangu hapo nikipita anainama kufagia.

Miezi mitano nilijiona nina amani, kwa kuwa hatukugombana tena. Na ibada ya Jumatano naongoza mimi! Ndipo nikasoma Mathayo 5:23 na kugundua kitu nilichokuwa nakipita: "ndugu yako ana neno juu yako." Si wewe uliye na neno juu yake. Yesu hata haulizi nani alianza. Iache sadaka, nenda. Petro naye anaichukua Zaburi ya 34: atafute amani, aifuate sana. Kinachofuatwa kinatembea, dada. Ukikaa kitako kinakuacha.

Nikaenda Jumamosi jioni, bila Biblia mkononi, asije akadhani nimekuja kumhubiria. "Dada, nilikuaibisha mbele ya watu. Naomba unisamehe." Ulimi uliwasha kuongeza "lakini na wewe..." Hiyo "lakini" nilimeza kama klorokwini. Akaniangalia, akasema, "Ungekuja kuniuliza mlangoni." Basi. Hata kiti hakunipa.

Kesho yake nikayarudia bombani, mbele ya wale wale. Hapo ndipo wengi wetu hukwepa: tunatukana hadharani, tunatubu chumbani. Salamu ilirudi baada ya wiki tatu hivi.

Tuliokuwa Nakuru Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, tunajua salamu si kitu kidogo. Rais Kibaki na mpinzani wake Raila walitia sahihi mkataba wa amani Nairobi tarehe 28 Februari, Kofi Annan akiwapatanisha. Mtaani kwetu wapo waliochukua miaka kuitikiana, na hakuna mpatanishi aliyetumwa kupita mlango kwa mlango.

Stima nani alikuwa akiimaliza? Hatukujua. Mwaka jana landilodi alifunga mita ndogo kila mlango, na inayokimbia kuliko zote ni yangu.