Mama anachubuka kwa mionzi, tusimamishe?

SWALI: Shikamoo mama nesi. Mama yangu ana saratani ya titi, anapigwa mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, yuko wiki ya tatu. Kwapani na chini ya titi ngozi imekuwa nyeusi tii, inawasha na imeanza kuchubuka. Majirani wanasema asiguse maji, apakwe shubiri. Shangazi anataka asimamishe mionzi mpaka apone. Tufanyeje?
Binti, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na la shangazi, maana ndilo linalonitia hofu. Msimkatishe mama mionzi kwa uamuzi wa nyumbani. Siku zikirukwa, seli za saratani hupata nafasi ya kuzaliana. Wa kusimamisha ni daktari tu.

Mionzi huua pia seli za chini zinazozaa ngozi mpya, basi ya juu inachakaa na mbadala haujafika. Hali huanza wiki ya pili au ya tatu, na mara nyingi huzidi wiki moja au mbili baada ya dozi ya mwisho, ndipo ipone. Kwa ngozi yetu msisubiri wekundu. Tazameni weusi unaoongezeka, joto na kukaza.

Kuoga aoge! Maji ya vuguvugu, sabuni isiyo na manukato, kwa kiganja, bila dodoki. Alama alizochorwa za kuelekeza mionzi zisisuguliwe. Mkausheni kwa kugusagusa na kanga laini iliyofuliwa, hasa kwenye mkunjo chini ya titi, kwani jasho na msuguano huchubua hapo kwanza. Avae dera la pamba, sidiria ya waya aiweke kando. Wembe, barafu, poda na dawa za kuchua, hapana.

Shubiri imejaribiwa kwenye tafiti na haijathibitika kuzuia madhara haya. Jani la uani juu ya ngozi iliyochubuka linaweza kuingiza vijidudu. Ulizeni daktari kuhusu krimu ya mometasoni kwa sehemu zisizochubuka, inapunguza muwasho. Panapotoa majimaji huoshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, kisha hufunikwa kwa bandeji ya silikoni isiyong'ang'ania kidonda. Pamba na plasta visiguse hapo.

Akipata homa, usaha au harufu, mpelekeni siku hiyohiyo.

Kesho, kabla hajalala kwenye mashine, amwonyeshe nesi chini ya titi. Akina mama wengi huona haya, wananiambia "sijambo" huku blauzi imegandia kidonda, mpaka niwaombe wanyanyue titi nione. Ingia naye, umsemee.