Bili ya maji Uingereza: nani anapanga bei?

Dada, pole na hiyo bili. Umeuliza kama kampuni ya maji hapo Reading inajipandishia bei itakavyo, na kama unaweza kuhamia nyingine. Kuhama, sahau. Tangu maji yabinafsishwe England na Wales mwaka 1989, kila kampuni ina eneo lake, na mtu wa nyumbani hana pa kukimbilia. Ndiyo maana kuna mdhibiti, Ofwat.

Kila baada ya miaka 5 kampuni hupeleka mpango wake: mabomba ya kubadilisha, mitambo ya majitaka, riba ya mikopo, faida ya wenye mtaji. Ofwat hupunguza hapa na pale, kisha huweka kikomo cha mapato. Desemba 2024 iliruhusu bili zipande kwa wastani wa asilimia 36 hadi 2030, kabla hata ya mfumuko wa bei. Kampuni isiporidhika inaweza kudai suala lipelekwe kwa mamlaka ya ushindani. Sisi walipaji mlango huo hatuna, na mimi naona si haki.

Sasa itazame bili yako. Kama inakokotolewa kwa thamani ya zamani ya nyumba, nanyi mko wawili kwenye vyumba vinne, omba mita. Kufungiwa ni bure. Mwenye mita anayepokea posho za serikali na ana watoto watatu au zaidi aulizie WaterSure, mpango unaoweka ukomo wa bili.

Na vitisho visikukoseshe usingizi: tangu sheria ya 1999, hawaruhusiwi kukukatia maji ya nyumbani kwa sababu ya deni. Deni lenyewe, lakini, watalidai.